Jumatano Iliyokataa Kwisha

Inatangazwa kwa wahariri wote, wachoraji wote na umma wa Japani kwa ujumla, kwamba kuanzia wiki hii jarida la Kanazuchi limeacha kusema uongo.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha wahariri, mtaa wa Kanda, Tokyo, juu kidogo ya mashine ya kahawa, likiwa na muhuri mwekundu wa Mkurugenzi Mkuu mpya, Bwana Onodera. Mhariri Kuwabara Chizuru alilisoma kikombe mkononi, akalirudia, kisha akaketi taratibu. Kahawa ilipoa bila yeye kuigusa.

Ieleweke kwamba Kanazuchi si jarida la mchezo. Hutoka kila Jumatatu, na limetoka hivyo tangu wasomaji wake walipokuwa na nywele. Limejaa katuni za watu wazima: mahakimu walevi, wajane wanaofungua baa, mabaharia waliokimbia wake wawili. Wanaume wa suti hulisoma wakiwa wamesimama kwenye treni, na wakishuka huliacha kwenye rafu ya mizigo ili mwenzao naye ajipatie. Na katika miaka yote hiyo halikuwahi kuchelewa, kwa sababu moja ya kitaalamu. Kila mtu alimdanganya mwenzake.

Mhariri alimwambia mchoraji siku ya mwisho ya kuleta kazi ni Jumatatu. Mchoraji, ambaye si mtoto, alijua hiyo maana yake ni Jumatano. Mzee Hachiya wa kiwanda cha uchapaji naye alisema Jumanne, huku Jumatano akiwa ameificha mfukoni. Basi Jumatano ikifika kurasa zinaingia, wino mbichi, mchoraji hoi, mhariri hoi, na mashine zinanguruma. Hakuna aliyeumia.

Bwana Onodera hakuupenda utaratibu huu. Alikuwa ameletwa kutoka kampuni ya biskuti ya tajiri yuleyule mwenye jarida, na biskuti, kama alivyoeleza katika hotuba yake ya kwanza, haziombi kuongezewa siku. Akaunda Kamati ya Ukweli wa Tarehe. Wajumbe walivaa beji yenye picha ya saa, wakakaa, wakapitisha vifungu vitatu.

Kifungu cha kwanza: siku ya mwisho ni moja, ni Jumatano, na itatajwa hivyo. Cha pili: kazi itakayokosekana mara mbili, au itakayoshika mkia kwenye kadi za maoni za wasomaji, itafutwa, na mhariri wake atahamishiwa Ghala la Marejesho, Saitama, akafunge kamba majarida yasiyouzika. Cha tatu: kazi ikikosekana, wasomaji wataelezwa sababu ya kweli. Ule msemo wa zamani, "mchoraji ameugua ghafla", umepigwa marufuku, maana kwa mujibu wa takwimu za Kamati wachoraji wa Kanazuchi walikuwa wagonjwa kuliko hospitali nzima.

Sasa Chizuru alikuwa mhariri wa Mwalimu Mizoguchi. Mizoguchi, aliyeitwa Mwalimu kama wachoraji wakubwa wote wa Japani, ndiye mchoraji wa "Fundi Bomba Tatsuzo", katuni kongwe kuliko zote humo ndani, na ilikuwa imebakiza sura tatu tu iishe. Katika sura hizo tatu Tatsuzo, aliyegombana na binti yake Natsuko tangu watu wakitumia simu za sarafu, alikuwa aende mlangoni kwake akamkabidhi spana. Nchi nzima ilikuwa inasubiri. Hata mama yake Chizuru, aliyekuwa akiziita katuni uchafu, alikuwa anapiga simu kuuliza kama watapatana.

Chizuru akajikaza, akampigia Mwalimu.

"Mwalimu, habari za kazi? Siku ya mwisho ni Jumatano."

"Jumatano!" Sauti ya Mwalimu ilichangamka. "Loh, mmekuwa wakarimu siku hizi. Haya, Ijumaa utaipata."

"Hapana, Mwalimu, hakuna Ijumaa. Jumatano ni Jumatano."

"Ndiyo, ndiyo. Na Jumatatu ni Jumatatu. Binti, tangu nikufahamu, lini umewahi kuniambia ukweli?"

"Leo."

"Ndo hapo sasa! Na mimi nikuaminije?"

"Nakuapia, Mwalimu."

"Hata mwezi uliopita uliapa. Ukaapa kwa kaburi la babu yako, na babu yako nilikutana naye kwenye mbio za farasi."

Chizuru akafunga macho. Babu yake kweli alikuwa mzima na alipenda farasi. Ndivyo unavyovuna ukidanganya kwa ufanisi.

Jumatano ikaja, ikapita, bila Tatsuzo. Kamati ikamkalisha Chizuru chini aandike maelezo, mjumbe mmoja akisimama nyuma yake kuhakikisha ukweli hauvuji. Jumatatu iliyofuata, mahali pa Tatsuzo, wasomaji wakakuta maneno haya: "Tatsuzo hayupo wiki hii. Mwalimu Mizoguchi alikwenda kwenye mbio za farasi Fuchu, akaliwa pesa, akarudi nyumbani, akala tambi, akalala."

Chizuru alitaka ardhi ipasuke immeze. Mwalimu akapiga simu, sauti imemwisha.

"Binti, si lazima kila kitu kisemwe. Zile tambi zilikuhusu nini?"

"Ni kifungu cha tatu, Mwalimu. Naomba unisamehe."

"Nikikosa tena?"

"Wanaifuta."

Mwalimu akaiweka kalamu chini. Halafu akasema polepole, "Nimemgombanisha yule mzee na mwanawe ujana wangu wote. Nikifutwa kabla hajafika mlangoni, watabaki hivyo. Naona uchungu, Chizuru. Nakwambia kweli, naona uchungu."

Na Chizuru akaona uchungu naye, akaula pamoja na tonge lake la wali la mchana, na ghala la Saitama likimjia mbele ya macho.

Lakini kadi za wasomaji zilipofika, ikaonekana lile tangazo la tambi limeshika nafasi ya tatu. Watu walikuwa wamecheka kwenye treni mpaka wakapitiliza vituo. Bwana Onodera alizisoma kadi, akatafakari, akagundua kwamba taifa lina kiu ya ukweli, na kwamba mwenye kisima ni yeye. Akatangaza safu mpya: "Neno la Mkurugenzi", kurasa mbili za rangi, mbele kabisa ya jarida, kila wiki. Kamati ikapiga makofi ikiwa imesimama. Na mhariri wa safu hiyo, kwa heshima ya pekee, akateuliwa Kuwabara Chizuru.

Mwanzoni Mkurugenzi alisema neno lake ataliandika baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula cha mchana akasema ofisi ina kelele. Kisha akasikia kwamba wachoraji wakubwa, wakikwama, hutiwa koponi, yaani hufungiwa hotelini kama samaki wa kopo mpaka kazi itoke, akaona hilo linamfaa mtu wa hadhi yake. Akatiwa koponi katika hoteli moja ya Ochanomizu, chumba chenye mandhari ya mto.

Jumanne Chizuru alimpelekea matonge ya wali. Alimkuta Mkurugenzi kavaa kanzu ya hoteli, hajanyoa, sakafu nzima mipira ya karatasi. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja safi yenye maneno mawili: "Kuwahi ni".

"Ni mwanzo mzuri, Bwana Mkurugenzi," Chizuru alisema.

"Kuna mambo mengi ambayo kuwahi ni," Bwana Onodera alisema. "Ndiyo taabu yake." Akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Kuwabara, hapa tuko wawili tu. Siku ya mwisho ni lini?"

"Jumatano, Bwana Mkurugenzi. Kesho."

"Hiyo ya kwenye tangazo naijua, tangazo nimeandika mimi. Nakuuliza ya kweli."

"Ndiyo hiyohiyo."

Mkurugenzi akacheka, akamtikisia kidole. "Ninyi watu wa katuni! Mnadhani sijui michezo yenu? Haya, tusemezane kikubwa. Ijumaa?"

"Jumatano, bosi wangu. Naapa."

"Ijumaa," akasema Bwana Onodera kwa furaha, akachukua tonge. "Tumeelewana."

Jumatano mzee Hachiya akapiga simu kutoka kiwandani. "Dada, vijana wamevaa glavu. Niwashe?"

Chizuru akapeleka swali kwa Kamati, na Kamati ikaingia kikaoni. Kuchapa bila Neno la Mkurugenzi kungekuwa utovu wa nidhamu. Kumsubiri Mkurugenzi kungekuwa kukiri kwamba Mkurugenzi kachelewa, jambo ambalo kimsingi haliwezekani. Walibishana hadi chai ikaisha, kisha wakatoka na azimio: Bwana Mkurugenzi hajachelewa, ila Jumatano ndiyo iliyowahi. Kwa hiyo Jumatano itaendelea kuwa Jumatano mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

"Itaendelea?" mzee Hachiya aliuliza kwenye simu.

"Itaendelea."

"Makubwa! Na mshahara wa leo nao utaendelea?"

Chizuru aliuona mwanya. Akakata, akampigia Mwalimu.

"Sijamaliza!" Mwalimu alifoka hata kabla ya kusalimiwa. "Nimefika nusu. Tatsuzo yuko kituo cha basi. Usinipigie kelele."

"Mwalimu, mashine zimezimwa."

"Kwa sababu yangu?"

"Zinamsubiri Mkurugenzi."

Ukasikika mkwaruzo, kama mzee anayevuta kiti karibu zaidi.

"Rudia."

"Mkurugenzi hajaleta kazi yake. Ana maneno mawili."

"Yaani nyuma yangu kuna mtu?"

"Yuko, Mwalimu."

"Weee!" Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. "Maisha yangu yote mimi ndiye mkia, leo nimepata mkia wangu! Sasa huyu biskuti akinitangulia nitaficha wapi uso? Kata simu. Kata nichore!"

Jua likazama na kuchomoza, na bado ilikuwa Jumatano. Wajumbe wa Kamati waliandika Jumatano kwenye kumbukumbu za kikao na kusalimiana Jumatano njema. Mhudumu mmoja aliyesema "kesho Ijumaa" alipewa onyo la mdomo.

Katika Jumatano hiyo ya pili Chizuru alizipokea kurasa mlangoni kwa Mwalimu, kule Asagaya. Mzee alikuwa na wino hadi kwenye nyusi. Kwenye ukurasa wa mwisho Tatsuzo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Natsuko, spana mkononi, bado hajagonga. Chizuru alilia palepale kwenye ngazi, na Mwalimu akajidai anatafuta kiatu.

"Nimewahi?" aliuliza.

"Kwa kumbukumbu za Kamati, Mwalimu, umewahi sawasawa."

"Hebu niandikie hilo mahali. Mke wangu hataamini."

Siku iliyofuata, Jumatano ya tatu, mzee Hachiya alichoka. Alipiga simu Kamati mwenyewe. "Waheshimiwa, nikiwasha sasa hivi Jumatatu mtakuwa na jarida. Nisipowasha, Jumatatu mtakuwa na Jumatano." Kamati haikuwa na kifungu kinachojibu hoja hiyo. Mashine zikawashwa, na kurasa mbili za rangi mbele ya jarida zilikuwa nyeupe kama sahani.

Hapo likabaki suala la kifungu cha tatu. Wajumbe walitazamana, wakatazama muhuri mwekundu ukutani, wakatazama viatu vyao. Chizuru, mhariri halali wa safu hiyo, aliketi akaandika, na safari hii hakuna mjumbe aliyesimama nyuma yake:

"Neno la Mkurugenzi halipo wiki hii. Bwana Onodera yuko hotelini, ameandika maneno mawili: Kuwahi ni. Aliambiwa siku ya mwisho mara tatu. Hakuamini."

Kadi zilikuja kwa magunia. Wastaafu waliandika, madereva waliandika, jaji mmoja wa kweli aliandika kwamba amekata ukurasa ule na kuubandika mahakamani, chooni. Tangazo likashika nafasi ya kwanza, Tatsuzo wa pili. Mwalimu alinuna siku nzima. "Nimwage damu yangu mlangoni kwa Natsuko, nishindwe na karatasi tupu?"

Bwana Onodera alitoka koponi amewaka moto. Kwa kuwa kila neno lilikuwa la kweli, hakuweza kumwadhibu mtu, kwa hiyo alichukua hatua ya kiutawala. Alimwondoa Chizuru kwenye safu, akajiteua yeye mwenyewe kuwa mhariri wake, ili kulinda ubora. Kisha akajifungia ofisini, akaandika, na Jumatatu asubuhi, mbele ya watu wote, akaiweka kazi mezani kabla ya mchoraji yeyote. Kamati ilimpigia makofi mpaka beji zikaanguka.

Likachapwa lote, kurasa mbili za rangi, pamoja na picha yake akiwa ameshika saa. Lilieleza kwamba kuwahi ni nguzo, kuwahi ni dira, kuwahi ni biskuti ya roho.

Kadi zilirudi wiki iliyofuata. Wasomaji wengi hawakuilalamikia safu hiyo, walisahau kuitaja. Waliokumbuka waliuliza kwa upole lile la wiki iliyopita litarudi lini, lile la mtu aliyefungiwa hotelini. Neno la Mkurugenzi lilishika mkia, nyuma hata ya tangazo la dawa ya upara.

Kamati ya Ukweli wa Tarehe ikaketi. Kifungu cha pili kilisomwa kwa sauti, kikasomwa tena na mjumbe mwingine mwenye miwani, na mara zote mbili kilisema kilekile. Kazi iliyoshika mkia inafutwa, na mhariri wake anahamishiwa Saitama. Muhuri ulikuwa wa Bwana Onodera. Mhariri alikuwa yeye. Wajumbe walimsindikiza hadi kituo cha treni, wakainama kwa heshima, na mmoja wao akamkumbusha kwamba ghalani kazi huanza saa mbili kamili. Majarida ya kwanza aliyopewa kuyafunga kamba yalikuwa na picha yake, ameshika saa.

Tangazo lilikaa ukutani, kwa kuwa hakuna aliyejua ni idara gani yenye mamlaka ya kulibandua. Chizuru akaligeuzia mgongo, akainua simu. Ilikuwa imebaki sura moja.

"Mwalimu, habari za kazi? Hii ya mwisho kabisa naitaka Jumatatu. Bila huruma. Ikipita Jumatatu mimi sina kazi, na babu yangu anazikwa."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

"Asante, binti yangu," alisema. "Jumatano utaipata."