Bawabu na Beberu wa Eufrazia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Daftari langu, hujambo? Sisi hapa Nshamba wazima. Apolinary mume wangu mzima, goti tu. Celina mzima, anacheka peke yake maana Jumapili watu wa Ijumbi wanakuja kumposa. Dada yake Jenifa mzima, yuko Bukoba na kompyuta zake. Hata Eufrazia, mke wa shemeji yangu mdogo, mzima. Mno.

Jenifa katuwekea kikompyuta juu ya kabati la vyombo. Ndani eti kuna makontena. Mimi nayaita vyumba. Kimoja kina picha za Celina, wakwe wazione kwenye simu kabla hawajaja. Kingine kina mbuzi wa Eufrazia wa kuuza. Mlangoni kuna proksi, ndiye bawabu: mgeni akiandika jina, yeye anatazama orodha na kumpeleka kwenye namba ya chumba. Nimepewa neno la siri la bawabu. La dharura tu!

Jumanne, 5 Agosti
Dharura! Nimefungua orodha. Eufrazia namba 8081. Celina wangu 8082! Mimi ni mke wa mtoto wa kwanza. Katika ukoo huu Eufrazia hata kahawa ya kutafuna huipokea baada yangu. Nimebadilisha: 8081 kwetu, 8082 kwake. Nimehifadhi. Moyo mwepesi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefungua jina la Celina. Beberu! Mweusi, ananikodolea macho, majike sita nyuma yake. Nikajua tu: Eufrazia kavamia chumba cha mwanangu. Nikazima chumba cha mbuzi. Sasa jina la Celina linaleta karatasi nyeupe na kosa 502.

Kisha simu. Ta Lwakatare, yaani Mzee Lwakatare, baba wa mchumba. Eti jana alifungua, akaona alichoona, atasema Jumapili. Akakata! Mahari wakae nayo, mimi namtaka yule kijana. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Nitampata wapi mwingine?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia Jenifa. Akasema 502 maana yake bawabu yupo macho, ila chumba anachobishia hodi hakijibu. Akaniambia nimruke bawabu, niandike anwani yenyewe ya kikompyuta, mwishoni 8082. Celina huyu hapa, na gauni la kijani! Basi chumba ni kizima, akasema, anayepotea njia ni bawabu. Wakwe wapite huko kwanza. Nikamwambia nina miaka thelathini kwenye ndoa, sijawahi kupitisha wakwe mlango wa jikoni.

Akauliza nani kagusa orodha. Nikasema radi. Akasema radi haijui kuhifadhi. Nikasema basi Eufrazia. Kisha akanisomea, maana bawabu huandika kila anayebadilisha kitu: Jumanne, saa nne asubuhi, Mama.

Afadhali radi ingenipiga kweli.

Akanielekeza kurudisha namba moja moja, mimi na miwani ya baba yake. Nikawasha na mbuzi. Nikaandika jina. Celina! Nimelia. Jenifa kacheka mpaka akapaliwa.

Jumapili, 10 Agosti
Wamekuja. Nimegawa kahawa. Ta Lwakatare akasimama, akakohoa. Akasema nyumba nyingi huonyesha wageni sebule, hii ni ya kwanza kuonyesha zizi. Eti Ijumbi nzima inatusifu. Kisha akauliza, yule beberu mweusi ndiye wa kuchinjwa leo?

Nikamtazama Eufrazia. Eufrazia akanitazama. Kaelewa kila kitu, yule! Akainuka, akasema ndiye, Ta, yuko nyuma anakusubiri. Akaenda kumfungua kwa mkono wake.

Jikoni nikamkumbatia. Akaniambia nimwachie shingo, nimletee chumvi. Posa imepokelewa. Asante Mama Maria! Nimekula nyama mpaka nimesahau hofu.

Jumatatu, 11 Agosti
Wakwe wanapiga simu kumsalimu Eufrazia. Mama wa beberu! Na bado yuko 8081. Nilitaka kuitazama orodha, kuitazama tu. Neno la siri limekataa. Mara tatu!

Nimemwandikia Jenifa: Mwanangu, baba yako mzima, Celina mzima, Eufrazia mzima mpaka inatosha. Bawabu ndiye hanitambui tena. Naomba neno jipya. Ni dharura. Jibu haraka.