Mchanga wa Mboje

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimefungua ukurasa wa Dkt. Nyamizi mtandaoni. Mdomo umekataa kufungika. Amenukuliwa mara 1,412! Makala yake moja tu, ya funza wa pamba, imenukuliwa na wachumi, wanasheria, madaktari wa ngozi, hata mtu wa Ufini anayechunguza nyuki. Funza wa Bariadi kafika Ufini!

Mimi nilichunga ng'ombe wa watu nikajisomesha. Makala kumi na moja. Nimenukuliwa mara 9. Saba nimejinukuu mwenyewe.

Nafasi ya mtafiti mwandamizi ni moja. Tumeomba wawili, mimi na yeye. Kamati itakaa Novemba, na kigezo chake ni nukuu.

Na dawati lake linatazamana na langu. Kila asubuhi hunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mboje ng'wana Luhende!" Sauti ya mtu anayejulikana Ufini.

Ijumaa, 17 Januari

Akili imenijia njiani. Majirani walikuwa wanapalilia pamba kwa zamu: leo kundi zima kwako, kesho kwangu. Kwa nini tusinukuliane hivyo?

Nimewaita watafiti wenzangu: Constantine wa samaki, Kabula wa afya ya uzazi na Yakobo wa barabara. Nimechinja kuku wawili, maana mwenye shamba ndiye hulisha. Nimesema tuanze na shamba langu, yaani makala yangu ya kupanda pamba kwa mistari pacha: mavuno yamepanda asilimia 40! Kabula akauliza kama kuna mtu ameisoma. Nikamwambia ale kwanza.

Jumatano, 9 Aprili

Makala zao zimetoka zote tatu! Nimefika 12! Constantine kanichomeka kwenye dagaa wa Nassa, Yakobo kwenye lami, Kabula kwenye lishe ya wajawazito. Fani tatu kwa kuku wawili.

Sasa wanataka zamu zao. Nimesema mgongo unauma. Constantine amejibu kwamba kwao anayekwepa zamu hutozwa mbuzi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 22 Aprili

Mkosi! Nyamizi amenikuta kwa wajawazito. Akashangaa pamba inatafuta nini kule, akaisoma makala yangu yote. Msomaji wa kwanza!

Kaniuliza kwa upole mavuno nilipimia wapi. Nikajibu kwa fahari: kwenye mzani wa mnunuzi, magunia kaleta mkulima mwenyewe, Mayige wa Lingeka. Akashika kichwa. Kwani mimi mtoto wa wapi, sijui watu humwagia pamba maji na mchanga ili iwe nzito? Hata baba yake kule Mwamapalala alikuwa anafanya.

Najua. Hata baba yangu. Nilidhani mtafiti huheshimiwa, hafanyiwi hivyo.

Nimemsihi anyamaze. Amesema ataandika, ila kwa heshima.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijawahi kuona kitu kama hiki. Makala yake ya mchanga kwenye mizani imetapakaa: wanatakwimu, wahasibu, wakaguzi wa mizani, hata wachunguzi wa asali. Na kila anayemnukuu yeye ananinukuu na mimi! Nimefika 57! Huko Brazili mtu ameandika "kosa la Mboje". Kwa jina! Nimelisoma nimesimama, kama wimbo wa taifa. Machozi yamenitoka.

Nikaingia kwenye kamati kifua mbele. Mwenyekiti, mzee Sylvester, akasema, "Baba, hawa wote wanakutaja kama mfano wa mchanga." Nikamwuliza ni kipengele gani cha kanuni kinachotaka nitajwe kwa wema. Akatafuta. Hakipo!

Nafasi kapewa Nyamizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nyamizi kaniletea soda. Amesema, "Kaka, lima upya, tupime sisi wenyewe shambani, tuandike wote wawili." Jina langu kando ya lake! Mwanamke ana moyo mkubwa kuliko orodha yake ya nukuu. Nimemshukuru sana. Nimeinywa soda yote.

Constantine amekuja kumchukua mbuzi. Kachagua jike.

Jioni nikapiga hesabu. Makala kumi sahihi, miaka tisa ya jasho: wageni walioninukuu, wawili. Kosa moja, miezi michache tu: 45. Na Brazili ndani yake. Mtu wa namba haoni aibu mbele ya namba.

Nimempigia Mayige. Nimemwambia msimu ujao nitapimia kwenye mzani uleule, na nikamwomba, pamoja na mchanga, aweke na kokoto.