Dude, Kidude na Kijidude

Jumatatu, 2 Machi

Nimeamua! Gari la marehemu baba mkwe, gari la Kiingereza la enzi hizo, lililolala bandani miaka kumi na mmoja, litafufuka. Kwa mikono yangu. Mke wangu anastaafu ukunga Jumamosi ya tarehe 14, na anataka kitu kimoja tu: kwenda kwenye sherehe ya kumuaga akiliendesha hilohilo alilofundishiwa udereva na baba yake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Amesema alikuwa hana, ndiyo kwanza unaanza. Ucheshi wake huo!

Shemeji, kaka yake, ni fundi magari. Kajitolea kunisaidia. Nimekataa katakata. Hii ni zawadi yangu kwa mke wangu, si ya ukoo mzima.

Jumatano, 4 Machi

Nimelifungua lote. Injini nje, milango nje, viti vimepangwa kwenye majani. Nimelisemesha Kiingereza ili lijisikie nyumbani. Kila kipande kimeingia kwenye kopo lenye jina. Vikubwa: DUDE. Vya kati: KIDUDE. Vidogo: KIJIDUDE. Vya maana kabisa: KIDUDE CHENYEWE.

Shemeji kapita. Kasoma makopo yote, kisha kaenda kuegemea ukuta, mabega yakimtetemeka. Wivu huo. Alipopata pumzi kaniita Injinia. Hatimaye kakubali!

Jumamosi, 7 Machi

Siku ya kuunganisha. Kitabu cha gari kinasema nikaze nati ya kabureta. Sawa. Ipi? Nimefungua KIDUDE. Vidude arobaini na viwili! Nimejaribu kimoja kimoja, vyote vikagoma, hadi nilipookota kimoja jikoni kikakaa barabara.

Mchana mke wangu kapindua jiko zima akitafuta kishikio cha mfuniko wa sufuria. Kabureta imependeza.

Jumanne, 10 Machi

Nimewasha. Limekohoa, likatema moshi mweusi kwenye mashuka ya jirani yaliyoanikwa, likazima. Jirani kanipa vidonge vyangu. Lakini limekohoa! Maiti haikohoi.

Mke wangu hakucheka. Kaingia, kashika gia, kasema baba yake alikuwa akiweka mkono juu ya wake, hapo hapo, hadi gia iingie. Machozi yakamtoka. Kaniomba kwa upole nimwite kaka yake. Jamani, moyo uliniuma. Nikakataa hata hivyo. Mfumo wangu haujakosea popote.

Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu kanituma kwa dada yangu, upande wa pili wa mji, nimpelekee kitambaa na nisirudi hadi kesho. Dada kasema hajaagiza kitambaa chochote. Nimeelewa: mke wangu ananihurumia, anataka nipumzike. Nimelala fofofo mchana kutwa.

Ijumaa, 13 Machi

Nimerudi. Gari limesimama uani, milango mahali pake, linang'aa! Kumbe nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Mke wangu kasema nijaribu ufunguo. Nikazungusha. Likanguruma! Nimeruka hadi kofia ikanidondoka.

Shemeji kajinyoosha kwenye kochi letu, anakoroma saa nne asubuhi, ovaroli na yote. Mvivu huyo. Kishikio cha sufuria kimerudi jikoni chenyewe. Kwenye makopo yangu mtu kafuta KIDUDE na kuandika nati, plagi, springi, kwa mwandiko uleule wa kadi za kliniki. Mke wangu anajifunza kwangu! Mikono yake inanuka petroli, kucha nyeusi tii. Manukato ya siku hizi siyawezi.

Jumamosi, 14 Machi

Kaendesha mwenyewe, mgongo wima, hadi lango la hospitali. Wakunga wenzake wakapiga vigelegele. Nilikaa nyuma nikipungia watu mkono. Kwenye hotuba kasema kwamba gari lile kila mtu aliliogopa, na kama mume wake asingelifungua, lingelala hadi leo. Shemeji akapaliwa na soda. Mimi nikasimama, nikainamisha kichwa mara tatu. Sijawahi kuwa na fahari kama ile.

Vimebaki vidude saba. Waingereza huweka vya akiba.

Kesho naanza cherehani yake. Sasa kastaafu, ataihitaji. Yeye hajui bado. Na mfumo nimeuboresha, maana yale makopo mengi ndiyo yalinichanganya. Safari hii kopo moja tu: VITU.