Mhakiki Aliyejifunika Shuka

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu hali, halali. Makala yake ya vijidudu iko kwenye lile jarida kubwa linalopitia tafiti mpya na kusema ipi ya maana, ipi porojo. Ikikubaliwa mwezi huu, chuo kinampa kazi ya kudumu. Isipokubaliwa, mkataba umekwisha. Kwanza inasomwa na mhakiki. Hamjui mwandishi, wala mwandishi hamjui yeye. Nikamwuliza, sasa utamwamkiaje? Akasema mama, ndiyo maana yake. Jamani! Mwanangu anahukumiwa na mtu aliyejifunika shuka!

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza nikifua. Mtaalamu wa vijidudu mtaani ni mmoja, Profesa wa geti la bluu. Mkewe simwezi. Kila neno "mume wangu", utadhani sisi wengine tuliolewa na vivuli. Kwa ajili ya mtoto nitameza. Nimeoka keki.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda! Mke kasema mume wake haruhusiwi sukari. Mume wake kala keki nusu nzima. Tena katoka kumkuna mbwa, hakunawa! Na vijidudu ndiyo kazi yake! Nikamwongezea kipande, mwenye shida ni mimi. Nikamsifia binti yangu na makala yake ya vijidudu vinavyozoea dawa. Profesa akaacha kutafuna. Akauliza, kumbe ile ni yake? Nimempata! Akakimbilia kompyuta. Kwenda kuandika sifa, bila shaka. Mkewe akanikata jicho. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Mhakiki kajitoa! Eti akishamjua mwandishi, kanuni hazimruhusu. Jarida linatafuta mwingine, na mwezi unayoyoma. Binti kauliza nani kamwambia. Nikasema mtaa huu una midomo.
Jioni mke wa Profesa kaja hadi mlangoni, kasema mbele ya binti yangu: mume wangu alishaandika ikubaliwe kama ilivyo, shoga, ukatuletea keki yako.

Jumapili, 9 Juni
Binti hakufoka. Alilia huku anaosha vyombo, mgongo kwangu. Bora angenifokea. Nikamshika mabega, nikaapa: mwanangu, sitamsogelea mhakiki tena maishani mwangu.
Na kiapo ni kiapo. Ila mhariri si mhakiki. Mhariri ndiye anayemchagua mhakiki mpya, na nasikia dada yake ni fundi cherehani, pale jirani na duka la dawa. Nimetoa gauni langu la sherehe, zima kabisa. Nimelifumua pindo lote.