Malalamiko Kuhusu Filta ya Hewa Inayoogeshwa Nyumbani Kwangu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Natumaini u mzima, na gari lako linawaka kila unapoliwasha. Mimi ni fundi cherehani na nashonea sebuleni kwangu. Gazeti lenu mume wangu hulisoma kwanza, kisha mimi hulichukua kuchorea vipimo vya magauni kabla sijakata kitambaa, na kwa kazi hiyo ni gazeti zuri sana. Lakini ukurasa wako wa mwezi uliopita sikuruhusiwa kuugusa. Umebandikwa ukutani, juu ya picha yetu ya harusi.

Ni ule ulioisifia filta ya hewa ya kudumu, ile ya pamba, ambayo ikichafuka haitupwi bali inaoshwa, inakaushwa, inapakwa mafuta na kurudishwa kwenye injini. Ulisema mtu wa barabara za vumbi anayenunua filta za karatasi kila mara anajisumbua bure. Sasa, mume wangu ni wakala wa mbegu. Anazunguka na gari kuwapelekea wenye maduka mbegu za mahindi na mboga, na vumbi analokutana nalo nalijua mimi ninayefua mashati yake. Aliposoma maneno yako alijiona ameandikiwa yeye. Siku hiyohiyo aliinunua, na ile ya karatasi akaitupa jalalani huku akiapa kwamba gari lake halitavuta tena hewa kupitia karatasi.

Kwa heshima zote, naomba upokee malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Filta inaogeshwa. Watoto wetu ni watatu na wote nimewaogesha mimi, tukisaidiana na mama mkwe. Baba yao alikuwa akiwaogopa wakilowa, eti wanateleza. Lakini Jumamosi jioni akirudi safari, kabla hata hajavua viatu, anaikunjia filta mikono ya shati. Maji anayapima kwa kiwiko yasije yakawa ya moto. Anaimwagia kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu wewe ulisema ukimwagia kutoka nje unausukuma uchafu ndani zaidi. Beseni ni la kitinda mimba wetu. Nilipouliza mtoto ataogea wapi, nilijibiwa kwa upole kabisa: "Huyo anaweza kusubiri, mke wangu. Yeye hana injini nyuma yake."

2. Filta inalindwa. Ulikataza jua kali, ukakataza mashine ya kukaushia nywele, ukakataza kuikung'uta. Basi imepewa kivuli cha barazani, kwenye kiango changu, mahali palipokuwa pamening'inia gauni la bibi harusi. Watoto wamepigwa marufuku kukimbia uani wasije wakatimua vumbi. Ndugu Mhariri, naomba uirudie sentensi hiyo polepole. Kitu ambacho kazi yake hapa duniani ni kukutana na vumbi, kinalindwa kisipatwe na vumbi! Wanangu siku hizi wananyata kama waliofiwa.

3. Mafuta yake ni mekundu na yako kwenye kichupa kizuri kuliko cha manukato yangu. Mume wangu alikiweka kwenye rafu ya bafuni. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na macho yake si mazuri, alidhani ni dawa yake ya kuchua, akajipaka magotini na kulala. Asubuhi nilipoona shuka nilipiga ukunga mpaka majirani wakaja. Kumbe mzee wa watu yuko salama. Tena zaidi ya salama: anasema magoti yamepona. Sasa kila Jumatatu asubuhi, filta ikishakauka, anavuta kiti karibu na mwanawe na kungoja zamu yake, filta kwanza, magoti baadaye. Daktari akimwambia kwamba yale ni mafuta ya gari, anajibu kwamba hata yeye ana safari zake.

4. Tumechekwa. Mara ya kwanza mume wangu aliyamimina mafuta kwa mapenzi tupu. Yakachuruzika, yakaingia kwenye sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa ya injini, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa gereji, ambaye sote tunamwita Spana, aliitoa filta, akaiinua, akaitazama inavyodondosha, akauliza mbele ya wateja wote: "Bosi, hii umeisafisha au umeikaanga?" Mume wangu alirudi nyumbani amenywea. Tangu siku hiyo anatia tone moja moja kwenye kila kunjo, na mimi huitwa kushuhudia, kwa kuwa amegundua kwamba filta ile ni pamba iliyopigwa marinda. Mimi nayajua marinda nikiyaona. Ni mazuri, yamelala sawasawa, sikatai. Ila sketi yangu ya marinda, niliyoishona kwa mkono wangu mwenyewe, hajapata hata siku moja kuitazama kwenye mwanga akatikisa kichwa kwa furaha.

5. Sasa anataka na bomba. Lile nene la kuvutia hewa, ulilolitaja chini kabisa ya ukurasa kana kwamba ni jambo dogo. Spana alimwazima moja ajaribu, nami nikapakiwa garini niende nikasikie injini "ikipumua". Nilichosikia ni mtu mzima anavuta kamasi. Niliulizwa kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akasema gari limeongezeka nguvu. Ndugu Mhariri, lilikuwa gari lilelile, kwenye foleni ileile, nyuma ya lori lilelile la mchanga.

6. Hili ndilo zito. Zamani mume wangu alikuwa akirudi Jumamosi jioni, na Jumapili akishakula mchana anaondoka akalale karibu na mnada wa Jumatatu. Nilikwisha kuzoea. Sasa ukaandika, tena kwa herufi kubwa, kwamba ni mwiko kuendesha gari bila filta, na ni mwiko kuirudisha ikiwa mbichi. Uliandika pia kwamba usiku mmoja unatosha kuikausha. Kwetu haikauki. Matokeo yake mwanamume mzima ananibakia nyumbani mpaka Jumatatu asubuhi, hana gari, hana pa kwenda. Anakaa karibu na cherehani. Ninapokata kitambaa ananishikia upande wa pili. Amejifunza kushona vifungo, na anavishona vibaya. Ananisimulia habari za wenye maduka, sauti zao na miendo yao, mpaka juzi nilicheka nikajichoma sindano. Chai inapoa hatujainywa. Mteja alikuja akakuta gauni lake halina mikono, na nilipotaka kumweleza sababu nikakosa pa kuanzia.

Ukiyajumlisha haya yote utaona ninachokiona. Kitu kinachoogeshwa, kinachopakwa mafuta, kinacholazwa kivulini, kinachonyamazisha watoto wa nyumba nzima na kumzuia baba kusafiri, si filta. Hicho ni kichanga. Na kwa kuwa kilikuja kwetu kupitia ukurasa wako, kichanga hicho ni chako. Tumeketi kikao cha ukoo, na wote tumekubaliana isipokuwa mama mkwe, ambaye ana maslahi.

Kwa hiyo nakuomba ufanye moja kati ya mawili. Ama utangaze, kwa herufi zilezile kubwa, kwamba filta ya karatasi inatosha kabisa na haimpunguzii mwanamume heshima. Ama uje umchukue mwanao ukamlee ofisini kwako. Beseni uje na lako.

Nisalimie wahariri wenzako wote, na mpiga picha aliyempiga kichanga huyo picha akatoka amependeza hivyo, na mlinzi wa getini, na mkeo pia, kama bado mnazungumza.

Mimi niliyefikwa shingoni,
Fundi cherehani, mama wa watoto watatu na filta moja.

Tanbihi: Tafadhali usiichapishe barua hii. Leo ni Jumapili, na mume wangu amepigiwa simu na mwenye duka mmoja wa mbali anayemtaka jioni hiihii. Ameshakwenda mara mbili kuigusa filta, na mara zote mbili ameikuta mbichi, akaguna, akarudi kukaa karibu nami. Anadhani ni hali ya hewa. Ni mimi, kwa chupa ile ninayonyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi. Basi yaache maombi yangu yote. Ila ukipata nafasi katika toleo lijalo, andika kwamba filta ya pamba ikaushwe kwa siku mbili, tatu zikiwezekana. Wewe anakuamini.