Tiketi za Kagami

Jumatatu, 2 Juni

Mvua. Paa la jimu linavuja juu ya ulingo, upande wa kona ya bluu. Nimeamua kona ya bluu iwe ya wageni.

Habari kubwa! Kagami anakuja kupigana hapa Nagoya tarehe 22. Kagami mwenyewe, bingwa wa dunia, ambaye tangazo lake la soda limebandikwa hadi chooni kwenye stesheni. Promota wake, Bwana Sonobe wa Tokyo, anatafuta mabondia wa hapa kwa mapambano ya utangulizi. Ninaye mmoja. Ni Shunpei, fundi wa matairi, mwenye ngumi ya kushoto ya kuheshimika. Wengine wote jimuni kwangu wanakuja kupunguza vitambi.

Ila mkataba wa Shunpei unaisha mwisho wa mwezi, na ule mpya hajaugonga muhuri wake, ambao hapa kwetu ndiyo sahihi. Nimemkumbusha kwa upole. Kasema mkewe atajifungua mwezi wa nane na yeye amechoka kulipwa tiketi. "Mwenyekiti," ndivyo mwenye jimu anavyoitwa, "safari hii nipe pesa mkononi, nami nigonge muhuri siku hiyo hiyo." Anadeka! Mabondia wadogo wote hulipwa tiketi: uza, ule. Mimi nilipigana miaka minane kwa tiketi na sikufa.

Nimemwambia aniachie mimi.

Jumatano, 4 Juni

Kahawa ya asubuhi na Bwana Sonobe. Hachiya naye alikuwepo, mwenye jimu ya ng'ambo ya mto. Tulianza ndondi siku moja, na tangu siku hiyo hajawahi kunisifu. Sonobe hakuzunguka. Alisema watu wanamlipia Kagami, televisheni inamlipia Kagami, kampuni ya soda inamlipia Kagami, hivyo karibu pesa yote ni ya Kagami. "Yeye ndiye wali. Ninyi ni achari ya pembeni. Hakuna aliyewahi kwenda mgahawani kwa ajili ya achari."

Akatupa hiari: pesa taslimu kidogo, nusu yake ikitangulia, au tiketi zenye thamani mara tatu ya hiyo. Hachiya alichagua pesa kwa ajili ya kijana wake. Mtu asiye na maono! Tiketi za Kagami zinajiuza zenyewe. Nimechukua tiketi. Niliinama kushukuru hadi tai yangu ikaingia kwenye kahawa, na niliponyanyuka Hachiya alikuwa ameshakula yai langu lililokuja na kahawa.

Shunpei sijamwambia. Nitaziuza kimyakimya, nimkabidhi pesa mkononi kama alivyotaka. Hapo nani mwongo?

Jumamosi, 7 Juni

Tiketi zimefika. Viti vyote viko juu kabisa, nyuma ya nguzo.

Nilikwenda gereji ya matairi wakati Shunpei yuko nje na gari la kuvuta magari mabovu. Mafundi walinikaribisha vizuri na hawakununua. Wameshachangishana kulipia pambano kwenye simu ya mmoja wao, wataliunganisha na televisheni ya baa, pamoja na mabawa ya kuku. Mkubwa wao aliuliza kwa nini akae nyuma ya nguzo amwone Kagami kadogo kama siafu. "Mzee Mizutani, hata nikiwa bafuni kwangu namwona vizuri zaidi."

Wakacheka wote. Nami nilicheka, kibiashara.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata akili! Nimenunua shada kubwa la maua la kusimamisha mlangoni, lile la kufungulia duka, na kibao: "Hongera Jimu ya Mizutani, kutoka kwa marafiki wengi." Hapa kwetu maua ya mlangoni ni ya kila mpita njia, na yakichumwa upesi ndiyo baraka. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mtu aliyebeba maua yako hawezi kukataa tiketi yako.

Mama Ogiso, muuza tofu, ile jibini ya soya, alifika wa kwanza, tena na mkasi. Nyuma yake walikuja wanawake ambao sijawahi kuwaona mtaani. Nilipofungua bahasha ya tiketi shada lilikuwa limebaki waya. Sijawahi kufundisha bondia mwenye miguu mepesi kama wale mama. Nimeuza moja tu, kwa Mama Ogiso, aliyeuliza Shunpei anapanda ulingoni saa ngapi na kama yeye, akishamwona, anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Halafu Shunpei akaingia na kuikuta bahasha mezani. Aliitazama muda mrefu. Nilimweleza kuhusu thamani mara tatu. Aliichukua, akaitia ndani ya koti ili isilowe, akatoka.

Mke wangu Sachie alikuwa pale akikunja taulo. Kaniambia, "Baba, huyo mtoto umempoteza." Nimemjibu kwamba haelewi soko.

Ijumaa, 13 Juni

Shunpei haji mazoezini. Anapita nyumba kwa nyumba na mwavuli. Wamenunua jirani zake, manesi wa kliniki ya mkewe, kinyozi, hata wale mafundi walionicheka. Bahasha inakaribia kwisha!

Si nilisema zinajiuza zenyewe?

Nimempigia Sonobe niongezewe tiketi nyingine kama zile. Kasema Hachiya alikuwa sahihi kuhusu mimi. Sikuuliza alisema nini. Sifa zikizidi huharibu mtu.

Jumatatu, 16 Juni

Kagami amevunjika kidole mazoezini. Pambano limefutwa. Usiku mzima umefutwa! Kila tiketi irudishiwe pesa.

Nilimwambia Sonobe kwamba Shunpei ana vidole vyote kumi, vizima, na mpinzani wake vilevile, kwa hiyo wapigane tu. Alinijibu taratibu kama mtu anayefundisha mtoto kufunga viatu: bila Kagami hakuna televisheni, bila televisheni hakuna ukumbi, bila ukumbi hakuna achari. Nikauliza malipo ya Shunpei. Akasema Shunpei alishalipwa. Si tiketi anazo?

Kidole kimoja! Tena cha mtu mwingine!

Kijana wa Hachiya amebaki na nusu yake aliyotanguliziwa. Hachiya kanipigia simu kunipa pole. Alikuwa anatafuna kitu.

Jumatano, 18 Juni

Shunpei amerudi nyumba kwa nyumba, akirudisha pesa na kuinamia kila mlango. Mimi nilibaki jimuni kusimamia upande wa utawala.

Mama Ogiso alikuja na tiketi yake lakini alikataa pesa. "Mimi sikumlipia Kagami. Kagami simjui. Nimemlipia Shunpei, anayenibebea ndoo zangu. Anapigana lini?" Nilimfafanulia kwamba biashara ya ndondi haiendi hivyo, mtu halipii achari. Akasema nyumbani kwake wanailipia vizuri tu. Uzee ni kazi.

Hachiya alikuwepo. Alikuja kuomba kamba za ulingo za kuazima, na siku zote hujua kuchagua saa mbaya. Alimsikiliza bibi yule hadi mwisho. Kisha akatoka naye hadi dukani kwake, akanunua tofu nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula.

Jumatatu, 30 Juni

Niliweka mkataba mezani tangu asubuhi, na kidau cha wino mwekundu kikiwa wazi. Wino ulianza kukauka.

Shunpei alikuja jioni amevaa suti. Mkononi alikuwa na boksi la keki za maharage, lililofungwa vizuri. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mtu haji na boksi kama lile akiwa anabaki. Alinishukuru kwa miaka kumi, akainama mpaka nikaona kisogo chake. Amegonga muhuri kwa Hachiya. Nilimuuliza Hachiya kamwahidi ubingwa wa nini. Akasema hakuahidiwa ubingwa wowote. "Amesema atanilipa pesa, Mwenyekiti. Basi."

Kabla ya kuondoka alivua koti, akachukua kitambaa, akapangusa maji kwenye kona ya bluu.

Niliumia. Naandika hivyo mara moja, yatosha.

Keki zilikuwa nzuri. Sachie hakula.

Jumapili, 20 Julai

Hachiya ameandaa mapambano kwenye ukumbi wa michezo wa kata. Hakuna televisheni, hakuna soda, hakuna nyota. Pambano kuu: Shunpei! Nilikwenda kumwonea huruma.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi kwenye ngazi, mafundi wa matairi wakiwa na bendera waliyoishona wenyewe, kombo. Mama Ogiso alikaa mstari wa mbele na kupiga kelele maneno ambayo sikujua anayajua. Raundi ya sita Shunpei alimwangusha jamaa kwa ile ngumi ya kushoto, ambayo ni mimi niliyeifundisha. Mkewe aliinuka taratibu, ameshika tumbo, analia na kucheka. Mlangoni nilimwona Hachiya akimpa bahasha, na Shunpei akaifungua palepale, akamwonyesha mkewe. Ndani mlikuwa na pesa.

Nilipiga makofi. Nilipiga sana, viganja vikauma.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza: kama fundi wa matairi anajaza ukumbi wa kata bila nyota, je, akiwepo nyota?

Jumatatu, 21 Julai

Sonobe kapiga simu. Kidole kimepona! Kagami atapigana hapa Desemba, na achari inahitajika. Hachiya amekataa, eti ana shughuli zake kwenye kata. Nimeulizwa kama nataka pesa taslimu kidogo au tiketi.

Tiketi! Nimechukua mara mbili ya zile za kwanza. Safari hii haziko nyuma ya nguzo. Ziko kando ya nguzo.

Bondia nimempata. Ni Bwana Kitsukawa, mwalimu wa hesabu, anayekuja Alhamisi kupunguza kitambi. Ana mikono mirefu, ana wanafunzi wengi, na wanafunzi wana wazazi. Kwa bondia umri wake una utata, ila utata wa umri ni suala la karatasi. Jina lake nimeshalipeleka Tokyo.

Yeye sijamwambia bado.