Moshi wa Shani

Jumatatu, 8 Julai

Bwana afya kaja kibandani kwangu leo, hapa nje ya bohari ya tramu. Marufuku kuvuta sigara mahali pa watu! Nikamwambia hapa si mahali pa watu, ni kwangu. Akaniuliza wale wazee kwenye benchi ni mbuzi? Akaikata kamba yangu ya makumbi, ile inayoning'inia nguzoni ikifuka siku nzima, kila mtu anawashia sigara hapo. Kamba ndiyo inayoleta wazee, wazee ndio wanaokunywa chai. Kibanda kikifa, mke wangu Shefali keshasema: tunahamia mji wa Bardhaman kwa kaka yake, nikakoroge masufuria ya maziwa dukani kwake. Shemeji mwenyewe ananiita "mwanafunzi". Afadhali kaburi!

Jumanne, 9 Julai

Mzee Chakladar, kondakta mstaafu wa tramu, kaapa kwamba sheria inahusu penye paa tu. Basi! Nimeng'oa turubai. Wazee wakashangilia, wakawasha viberiti. Mvua nayo ikashangilia. Chakladar kasema leo chai yangu haiishi, kila akinywa inajaa. Halafu wote hao, kwa Poddar, muuza chai wa ng'ambo ya barabara. Kwa Poddar sigara hakuna, lakini paa lipo. Kanipungia mkono, mshenzi yule.

Alhamisi, 11 Julai

Akili imenijia nikisugua birika. Moshi wa binadamu ni kosa. Moshi wa mungu je, nani atautoza faini? Nimerudisha turubai, nimepata sanamu kwa mfinyanzi, nimeisimamisha juu ya matofali ikitazama benchi. Chetezo chini, ubani tele. Wazee watavuta humo humo ndani ya ubani, bwana afya anuse mpaka pua ichoke! Sanamu yenyewe ni ya mungu Shani. Ndiyo iliyokuwa rahisi, hakuna anayempeleka nyumbani. Shefali kaiona, kashika kichwa. Kasema, baba Tuktuki, miungu yote hiyo umemwona huyu mwenye jicho? Nikamwambia mungu ni mungu.

Jumamosi, 13 Julai

Kumbe Jumamosi ndiyo siku yake Shani. Na akikukazia jicho, mikosi inakufuata hadi chooni. Chakladar kaja, katoa sigara, macho yao yakakutana. Karudisha sigara. Kavua ndala. Kaninong'oneza kwamba hakuwahi kuvuta hata mbele ya marehemu baba yake, ataanzaje mbele ya huyu? Benchi zima mikono magotini, kama darasani. Hasara tupu!

Halafu wakaja akina mama, wale waliokuwa hawakanyagi hapa kwa ajili ya moshi. Maua, ufuta mweusi, taa za mafuta ya haradali. Foleni ikafika kwa Poddar. Wakishasali, chai. Maziwa yameisha mchana. Nimekasirika sana: wamejaza nafasi yote, mtu atavutia wapi?

Jumatatu, 15 Julai

Bwana afya karudi. Kavua viatu, kainama kwa Shani, kanusa. Ubani mtupu. Kanywa chai, kaongeza nyingine. Kasema vibanda vyote vingekuwa hivi, kazi yake ingekuwa raha. Shefali nusura alie kwa furaha. Kanivuta pembeni: Bardhaman imekufa, tumeokoka, usiguse kitu chochote.

Sikugusa. Lakini mgeni wa heshima humwachi aondoke hivi hivi! Nikampa sigara. Nikamwashia mwenyewe kwenye chetezo.

Faini. Na onyo: akirudi akakuta hata kichungi cha sigara, anafunga kibanda. Poddar kacheka mpaka kamwaga chai yake. Chakladar kasema ndilo jicho hilo, mwanangu. Shefali kashusha sanduku. Anakunja nguo zangu.

Nimekaa kutafuta kosa langu liko wapi. Nimelipata! Shani anatazama upande usiofaa. Kesho asubuhi namgeuza: mgongo kwa wazee wangu, jicho lote kwa Poddar.

Kamba mpya nimeshaifunga nguzoni.